Faili la Temaleti Asiyejua Kitu

Wifi yangu Temaleti akiingia jikoni kwako, nawe umeolewa na kaka yake, unaweka kijiko chini. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki ndivyo tulivyo, na mto Murray na mizabibu yote ya Robinvale huku Australia haijatubadilisha hata kidogo. Dada wa mume habishiwi. Akisema mkeka ule ni wake, ni wake. Akisema leo hatuli kuku, kuku anarudi kwenye friji. Watoto wangu na Sosaia wameshaota ndevu, lakini nikisikia gari la Temaleti linakata kona bado naangalia sakafu kama imepigwa deki.

Jumapili moja baada ya kanisa aliingia na boksi la ndizi limejaa makaratasi, akalibwaga mezani, palepale nilipokuwa nafunga lu: majani ya magimbi, nyama ya kopo, tui zito. Tui likaruka mpaka kwenye pazia.

"Washa kompyuta," akasema.

"Wifi, mikono yangu imejaa tui."

"Si kuna maji hapo? Nawa. Chuo cha kule Mildura wanataka ushahidi wangu."

"Ushahidi? Kwani umeiba nini?"

"Ndiyo hapo sasa! Na mimi niliuliza hivyohivyo. Miaka yote nawaogesha wazee wao, nawalisha, nawazika, leo wananidai ushahidi kama mwizi wa kuku!"

Mambo yalikuwa hivi. Sote wawili tulikuwa tunafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, yeye vyumbani, mimi jikoni. Nyumba ile ilikuwa imepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakatuletea meneja mpya, Brett, kijana wa viatu vyeupe visivyojua matope. Brett akatukusanya ukumbini akatangaza: mhudumu yeyote asiye na cheti, kuanzia mwezi ujao hagusi mzee, anakwenda kufua mashuka. Asiyetaka kukaa darasani mwaka mzima, anaweza kukusanya ushahidi wa kazi aliyokwisha kuifanya, akaupeleka chuoni, mtahini akaupima. Akionekana anaweza, anapewa cheti chake. Kati ya wahudumu wote, asiye na cheti alikuwa Temaleti peke yake.

Sisemi kufua ni kazi mbaya, mimi mwenyewe nimefua. Lakini kulikuwa na Bibi Concetta. Huyu bibi wa Kiitaliano alilima zabibu hapa tangu usichana wake, na uzeeni Kiingereza chote kikamtoka kichwani, kikabaki Kiitaliano cha kwao. Akiguswa na mhudumu mwingine anapiga kelele, anaparura, anang'ata. Temaleti Kiitaliano hakijui hata cha kuombea maji. Anakaa tu karibu, anavuta subira, anamwimbia nyimbo zetu za kanisani huku kijiko kinasubiri, mpaka bibi mwenyewe anafungua mdomo. Sasa Temaleti akipelekwa kufua, Concetta atakula kwa mkono wa nani? Hilo ndilo lililomfanya wifi yangu, mtu asiyependa karatasi hata ya tangazo la kanisa, anibebee boksi zima jikoni kwangu.

Chuo kilikuwa kimempa maelekezo. Nikamsomea: ushahidi uwe wako mwenyewe, uwe wa karibuni, uhusike na kazi, na utoshe.

Masikini, hakusikia lingine. Alisikia utoshe.

Mtonga ukimwambia kitu kitoshe, umekwisha. Chakula kikitosha kwetu maana yake wageni wamekula, wamebeba, na mbwa wamelala kwa kushiba. Temaleti alipanga ushahidi wake hivyohivyo. Aliweka ratiba za zamu na cheti cha huduma ya kwanza, hapo sawa. Kisha akaweka picha ya kwaya. Akaweka picha yake amevaa mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, kwenye harusi ya mpwa wake. Akaweka kadi za Krismasi za wazee waliokwisha kufa. Akaweka picha ya jezi za timu yetu ya ragbi zimeanikwa uani.

"Wifi, jezi zinahusikaje?"

"Nimezifua mimi."

"Lakini wewe hutaki kupelekwa kufua!"

"Basi waone sikatai kwa sababu siwezi. Tia."

Nikatia. Faili moja likafura, tukatafuta la pili. Picha aliyoipenda kuliko zote tukaiweka juu: yeye amemkamata mzee mmoja makwapani, amemnyanyua kitandani peke yake kama anabeba gunia la viazi, wote wawili wanacheka.

Halafu akavuta kiti, akakaa wima, akaniambia niandike ukurasa wa kwanza. Akasema, nami nikaandika:

"Waheshimiwa wakubwa wa chuo. Mimi ni mtu mdogo, sina elimu, sijui kitu. Kazi yangu ni ya kubahatisha. Vikaratasi hivi ni takataka tu, naona haya kuvileta mbele yenu. Nisameheni."

Nilipomaliza nilimwambia, "Hapo umesema, wifi," na nilikuwa namaanisha.

Likabaki neno la msimamizi. Mkuu wa zamu yake alikuwa Semisi, binamu yake wa damu, mzee wa kanisa, mwenye mwandiko wa kupendeza. Alijaza nafasi yake yote: "Huyu dada yetu bado ana mapungufu mengi. Tunaomba mumvumilie." Akaniuliza kama mapungufu mengi yanatosha au aongeze kidogo. Nikamwambia yanatosha.

Haya, chekeni. Najua mnacheka. Lakini kwetu kuna neno, fakatokilalo, kujishusha, na mtoto analijua kabla hajajua kufunga viatu. Ukileta nguruwe mkubwa kuliko wote kwenye karamu, unasimama unasema, "Jamani, tumekuja na kipanya." Ukileta mikeka mizuri iliyosukwa miezi na miezi, unasema ni matambara ya kufutia miguu. Ukubwa wa kitu si watu wanauona? Mdomo wako kazi yake ni kukishusha. Kupaza sauti ni kazi ya anayepokea: "Weee! Nguruwe gani huyu! Ahsanteni, ahsanteni!" Ukijisifu mwenyewe umemnyang'anya mwenzio zamu yake, na umemwaibisha mama aliyekulea. Na ndugu yako wa damu naye hakusifu, kwa sababu wewe ni wake, na nani anasimama mbele za watu kusifu kilicho chake? Kwa hiyo faili lile lilikuwa limejaa heshima kuanzia jalada mpaka jalada. Mimi sikuona kosa, na mkiniuliza leo bado silioni.

Jibu lilikuja kwa simu. Mtahini alikuwa anaitwa Gillian, sauti ya upole, sauti ya mtu anayekuambia mbwa wako amegongwa. Temaleti akaweka simu mezani kwangu ikiwa wazi ili na mimi nisikie.

"Temaleti, samahani sana," Gillian akasema. "Kwa sasa siwezi kusema umefikia kiwango. Wewe mwenyewe umeandika hujui kitu. Msimamizi wako ameandika una mapungufu mengi. Ningefanyaje? Halafu kuna ile picha ya kumnyanyua mzee kwa makwapa. Hiyo imekatazwa siku nyingi. Ile picha peke yake inatosha kukuangusha."

Gillian akaendelea kusema kwamba mlango haujafungwa, anaweza kuleta faili jingine kabla mwezi haujaisha, na yeye Gillian atakuja mwenyewe kumtazama akifanya kazi. Akaaga kwa adabu, simu ikakata.

"Amenitukana?" Temaleti akaniuliza.

"Hapana, wifi. Amesoma."

"Amesoma nini?"

"Ulichoandika."

Akaguna. "Na huyo msomi hakuona ukubwa wa faili? Mafaili mawili! Mtu hajui kitu, amejaza mafaili mawili?"

Kesho yake Brett, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, ni kijana tu, akampa karatasi ya mfano ya kunakili. Nikamsomea Temaleti wakati wa mapumziko nyuma ya jiko: "Mimi ni mhudumu mahiri mwenye ujuzi wa hali ya juu, ninayejituma, na mfano wa kuigwa na wenzangu..."

"Ngoja. Haya kayasema nani?"

"Unatakiwa uyaseme wewe."

"Mimi? Mimi ni mahiri? Mfano wa kuigwa? Mbele za watu?" Akainuka mzimamzima. "Si nivue nguo tu nitembee barabarani mpaka posta, yaishe! Mama yangu yumo kaburini kule kisiwani kwetu Vava'u ametulia, mnataka nimfukue?"

"Ni karatasi tu, wifi."

"Ndivyo wasemavyo wote. Sitaki. Afadhali nifue mpaka vidole vitoke."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Sijui ilitoka wapi. Miaka yote ya kuweka kijiko chini, miaka ya ndiyo wifi, sawa wifi, ikanipanda kooni kwa mkupuo.

"Basi kafue!" nikamwambia, na nilipaza kweli, mpaka mpishi mwenzangu akachungulia. "Nenda kafue, ukae na heshima yako kwenye sabuni! Concetta afe njaa, mwandike kaburini alikufa kwa ajili ya adabu za Temaleti! Unaniletea boksi, unanimwagia tui, unanichapisha usiku na mchana, halafu unaniambia hutaki? Hutaki nini? Kiburi tu hicho umekivika kilemba!"

Akanitazama. Sijawahi kumwona ananitazama hivyo.

"Umenipandishia sauti, Losaline?"

"Nimepandisha. Mwite kaka yako anirudishe kwetu."

Sikuteremsha macho. Akakaa taratibu, akachukua ile karatasi ya mfano, akaikunja ndogo, ndogo kabisa, akaitia kwenye kopo la taka.

"Sijisifu," akasema. "Hilo msahau. Na lile neno langu la mwanzo silifuti. Lakini kazi niliyofanya naweza kuieleza. Kuieleza si kusifu. Kama kuna mtu wa kunisifu, atoke nje, huko wanakopokea. Twende nyumbani kwako."

Tukaanza upya. Nilimtolea kwaya, nikamtolea harusi, nikamtolea jezi, kila picha ikitoka anavuta pumzi kama nang'oa jino. Maelekezo ya chuo nikayabandika ukutani, na kwa kila kazi iliyotajwa tukatafuta siku moja ya kweli: nini kilitokea, yeye alifanya nini, nani alikuwepo akaona. Kulisha asiyeweza kula mwenyewe. Kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda. Kumtuliza aliyechanganyikiwa. Kuandika taarifa ya aliyeanguka.

"Tulimgeuza ubavu wa kushoto," anasema.

"Mlikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi sema nilimgeuza."

"Nilimgeuza, nilimgeuza! Utafikiri niliumbwa peke yangu duniani."

"Wanataka wajue ni wewe. Sema nili."

Akasema nili, kama mtoto anayemezeshwa dawa ya minyoo. Kila baada ya sentensi mbili anateleza tena, tuli, tuli, na mimi nafuta. Tuligombana kuliko tulivyowahi kugombana tangu nitolewe kwetu, na nitasema ukweli, niliipenda kila dakika.

Ile picha ya makwapa, yeye mwenyewe ndiye aliyeichana. "Hapa huyo mama amenipata," akasema. "Tulikuwa tunanyanyua hivyo zamani na viuno vyetu vinajua." Akapigwa nyingine akitumia mashine ya kuinulia, mkanda umekaa sawa, magurudumu yamefungwa, na uso wa mzee umefunikwa kwenye picha kwa sababu uso wa mgonjwa ni wa mgonjwa.

Semisi alikuja na kalamu yake nzuri, tayari kuandika mapungufu mengine. Temaleti akamzuia mlangoni. "Wewe ni damu yangu, utaniponda tena. Nenda kale." Badala yake akamwendea muuguzi wa zamu, Mfilipino asiye na undugu naye hata wa mbali, na Rosa, binti yake Concetta. Muuguzi akaandika anachokiona na kutia sahihi na tarehe. Rosa akaandika kwamba mama yake akianza kung'ata, wengine wote wanarudi nyuma, Temaleti anasogea. Akaandika pia kwamba kabla Temaleti hajapewa chumba kile mama alikuwa amebaki mifupa, na sasa inabidi wamnunulie nguo mpya.

Faili likawa moja, jembamba. Temaleti akalipima mkononi, akasikitika. "Kama chakula cha msiba wa mtu asiye na ndugu," akasema. Lakini kila ukurasa uliokuwemo ulikuwa unasema kitu, na wa kwanza kabisa ulikuwa unasema vilevile: mimi ni mtu mdogo, sijui kitu.

Nilimwomba. Nilimbembeleza. Nilimwambia tuuweke mwisho. Wapi!

Gillian akaja. Mwanamke mfupi, ndala za ngozi, pua imeungua jua. Asubuhi nzima alimfuata Temaleti vyumbani na ubao wake wa kuandikia. Kila nikipeleka uji nawaona: Temaleti anafunga magurudumu, anamwambia mzee anachotaka kufanya kabla hajakifanya, Gillian anauliza na hiki kwa nini, Temaleti anajibu. Mara moja Gillian alimkumbusha kuandika kiasi cha maji alichokunywa mgonjwa, akaandika. Walipoingia kwa Concetta, bibi alimtazama Gillian akampigia kelele za kuangusha picha ukutani, akarusha kikombe. Temaleti hakumwambia Gillian toka wala kaa. Alisimama katikati yao, akaanza kuimba, kijiko mkononi. Uji ule uliisha, sahani niliipokea mimi mwenyewe.

Baadaye walikuja jikoni kwangu kunywa chai, Gillian na Temaleti, na Brett akaja akaegemea mlango. Gillian akafungua faili.

"Nimeona ya kutosha," akasema. "Kwangu mimi hakuna kilichopungua, kila ukurasa una kitu chake. Isipokuwa huu wa kwanza. Temaleti, siwezi kutia sahihi kwamba unaweza, juu ya faili ambalo wewe mwenyewe unasema huwezi. Wakubwa wangu wakilifungua watanirudishia. Toa tu huu ukurasa, nisaini sasa hivi."

"Chomoa tu, Temaleti," Brett akasema. "Sekunde moja."

"Sichomoi."

"Ni karatasi moja!"

"Kama ni karatasi moja kwa nini inawasumbua?" Temaleti akamgeukia Gillian, si kwa hasira, kwa lile jicho lake la kumwambia mtu mkeka huu ni wangu. "Mama, mimi siingii nyumba ya watu bila kupiga hodi. Huo ukurasa ni hodi yangu. Umenifuata asubuhi nzima, umeniuliza yote, nimekujibu. Ukitaka kuninyima, ninyime kwa kazi uliyoiona. Usininyime kwa hodi."

"Basi kama ni hivyo," Brett akasema, "Jumatatu ni chumba cha kufulia."

"Jumatatu nitafua. Na hodi nitapiga kabla sijaingia."

Mkono wangu ulikuwa na upawa. Sheria yetu iko wazi, mke wa kaka hafungui mdomo dada wa mume anapozungumza na wakubwa. Upawa nikauweka chini, nikafungua mdomo.

"Bi Gillian, nisikilize mimi. Huyu mwanamke amenitesa. Ananiamrisha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, amebeba mikeka yangu mizuri yote, sina sababu hata moja ya kumpendelea. Lakini wale wenye vyeti vyao wakishindwa na mgonjwa, wanakuja hapahapa jikoni kuniuliza, Temaleti yuko wapi? Nimemwona mzee amemtapikia kifuani, yeye anamuuliza mzee kama ameumia. Nimemwona anakaa na mtu anayekufa, zamu yake imekwisha, watoto wa mtu huyo wako njiani kutoka Melbourne, na yeye hatoki mpaka wafike. Anajua kazi hii kuliko yeyote humu ndani. Kuliko wote! Na anajua kwamba anajua! Kwetu ukimsikia mtu anasema amekuja na kipanya, sogeza meza, huyo ana nguruwe mgongoni. Huo ukurasa hausemi hawezi. Unasema amelelewa."

Temaleti alikuwa anaangalia chai yake.

"Na yule msimamizi wa mwanzo?" Gillian akauliza. "Yule wa mapungufu?"

"Damu yake. Binamu. Lazima amponde."

"Na wewe humpondi?"

"Mimi nimeolewa tu. Damu yangu ni nyingine, mimi ni mtu wa nje. Mtu wa nje ndiye anayeruhusiwa kusema."

Gillian akacheka kidogo, akasugua ile pua yake iliyoungua. "Pole, Losaline. Kwangu mimi wifi ni ndugu, kwa hiyo maneno yako siwezi kuyahesabu kama ushahidi."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye ndala. Lakini alikuwa ameshachukua kalamu. Juu kabisa ya ule ukurasa wa kwanza akaandika, nikamwona anaandika, kwa herufi kubwa: SALAMU. SI SEHEMU YA USHAHIDI. Akaufunua ukurasa, akaenda mpaka mwisho wa faili, akatia alama kwenye neno ANAWEZA, akasaini, akaweka tarehe. Brett akatazama viatu vyake vyeupe, akasema sawa, akaenda kushughulikia simu.

Temaleti hakunishukuru. Alimalizia chai yake, akasimama, akajinyoosha mgongo, akaniambia chai ilikuwa na majani mengi.

Gillian alikuwa anakusanya vitu vyake, na kwa vile ni mtu mwema akataka na mimi nisiondoke mikono mitupu. "Na wewe, Losaline?" akasema. "Umekaa jikoni hapa muda mrefu. Una cheti cha upishi? Unaweza kuandaa faili lako vilevile, nitakusaidia."

Kabla sijajibu, Temaleti akapasua kicheko.

"Nani? Huyu?" akasema. "Huyu wetu huyu? Mama, usipoteze muda wako. Huyu hajui hata kuchemsha maji. Mvivu, mkaidi, mdomo mrefu, anaunguza mpaka saladi. Hatuna mtu hapo, tunamvumilia tu."

Gillian aligutuka, akanitazama haraka kuona kama nimeumia. Angejuaje? Tangu nilipoingia kwenye familia ile, Temaleti amekuwa akinisifu mbele za watu. Kwenye kila karamu: mke wa Sosaia anapika vizuri, tunamshukuru mke wa Sosaia. Maneno matamu, ya mgeni, nami nayapokea kwa tabasamu, nikifika chumbani nalia, Sosaia hajui kwa nini. Hakuwahi hata siku moja kuniponda. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu wa chuo, mkono umeshika kiuno, ananiponda kama alivyomponda mama yake mzazi kwenye karamu za kwetu, kama Semisi alivyomponda yeye, na anaendelea, anasema hata lu zangu zinavuja.

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Yaonekane, nikasema moyoni, wayaone wote.

"Andika," nikamwambia Gillian. "Chukua kalamu, andika hivyohivyo alivyosema, neno kwa neno. Uweke ukurasa wa kwanza."